Kombe la Kenya Open: Wageni wanalibeba, sisi tunabeba mifuko

KILA mwaka mashindano ya gofu ya Kenya Open yakimalizika, simu yangu hulia. Anayepiga ni mjomba wangu, mdogo wake mama, kutoka kijijini Moshi alikojipumzisha na migomba yake. Tukishamaliza habari za shikamoo na marahaba, haulizi nani kachukua kombe. Hilo halimhusu. Anauliza swali lile lile la miaka yote: "Haya mjomba, niambie. Wetu kawa wa ngapi?"

Hapo ndipo mimi huanza kujikohoza.

Ndugu msomaji, najua unachosema moyoni. Gofu? Mchezo wa wenye vitambi na magari makubwa? Mimi na gofu wapi na wapi? Subiri kwanza, usifunue ukurasa. Hadithi ya leo si ya wenye vitambi. Ni ya walalahoi wanaobeba mifuko ya wenye vitambi, na ya kombe moja ambalo limekuwa likipita mbele ya macho yao tangu mwaka 1967. Wameliona likija, wameliona likiondoka. Mara moja tu, nusura walishike.

Maana ukweli ndio huo. Kuanzia kombe la kwanza la mwaka 1967 hadi lile la mwaka 2025, hakuna Mkenya hata mmoja aliyeshinda Kenya Open. Wakenya hao hao wanaowatimulia vumbi walimwengu kwenye mbio ndefu! Kwenye gofu, nyumbani kwao wenyewe, kombe linapanda ndege kila mwaka.

MJOMBA AVUKA NAMANGA

Mjomba alivuka Namanga mwaka 1974, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani bado iko hai na kijana wa Moshi alikwenda Nairobi kutafuta kibarua kama anavyokwenda sokoni. Rafiki yake wa kijijini aliyemtangulia akampeleka kwenye klabu moja ya gofu. Jina la klabu tuliache, tusije tukapelekana mahakamani. Akapewa kofia, akaonyeshwa mfuko, akaambiwa beba.

Ndivyo alivyokuwa kedi. Kedi ni yule mtu anayembebea mchezaji mfuko wake wa fimbo. Lakini usidhani ni hamali tu. Kedi ndiye anayejua kutoka hapa hadi pale shimo lilipo ni hatua ngapi. Ndiye anayesoma mteremko wa nyasi na kusema kipira kitakata kulia au kushoto. Kikipotelea kichakani, yeye ndiye anayeingia kukitafuta na nyoka wake humo humo. Bosi akipiga vizuri, sifa za bosi. Akipiga vibaya, kedi ndiye aliyempa fimbo isiyofaa.

"Kazi ya kedi ni tatu," mjomba hupenda kusema. "Fika mapema, fuata mfuko, funga mdomo."

Jumatatu uwanja ulikuwa hauna wanachama, na makedi waliruhusiwa kucheza. Walichangiana fimbo zilizotupwa, nyingine zimevunjika na kufungwa kwa waya. Huyu ana fimbo ya masafa marefu, yule ana ya kusukumia shimoni, wanaazimana wakiwa njiani. Mjomba anasema hapo ndipo alipojifunza, na wenzake hunihakikishia kwamba alijifunza kweli kweli.

Basi Jumatatu moja kedi mmoja akazungusha mashimo yote 18 kwa mikwaju michache kuliko aliyopiga nahodha wa klabu siku mbili kabla. Mtu mmoja mwenye utani wake akaichukua ile kadi ya matokeo akaibandika ukutani, karibu na mlango wa baa. Jumatatu iliyofuata makedi walikuta lango limefungwa. Hakuna aliyewaambia sababu. Wakakaa zaidi ya mwaka bila kuruhusiwa kupiga hata kipira kimoja.

Kedi huyo alikuwa nani? Nimemwuliza mjomba mara nyingi. Hajibu. Anatazama migomba yake na kutabasamu.

"OPEN" MAANA YAKE NINI?

Hapa inabidi nikurudishe nyuma kidogo, maana hili neno Open lina mambo yake. Maana yake ni wazi. Mashindano yaliyo wazi, yasiyofungia mtu nje, awe mchezaji wa kulipwa au wa ridhaa, mradi kiwango chake kinafika.

Ya kwanza kabisa duniani yalifanyika Prestwick, Scotland, mwaka 1860. Walijitokeza watu wanane tu, wakacheza siku moja, akashinda Willie Park. Na hao wanane walikuwa watu gani? Si malodi. Walikuwa watu wa kazi, mafundi wa kuchonga fimbo, watunza nyasi, makedi. Wenye klabu walikuwa waungwana, nao walitaka kujua ni mtumishi gani anayecheza vizuri kuliko wenzake. Mwaka uliofuata wakafungua mlango kwa wachezaji wa ridhaa nao waingie, ndipo jina la Open likapata maana yake.

Umeona, msomaji? Kumbe mashindano haya yaliyokuja kuwa ya suti na shampeni yalizaliwa mikononi mwa makedi. Kila nchi iliyoanzisha Open yake baadaye ilifuata nyayo za wale wanane wa Prestwick. Hili lishike vizuri, tutarudi kwake.

WAINGEREZA WAKIMBIA BARIDI

Kenya Open ilianza mwaka 1967, miaka minne tu baada ya uhuru, kwenye uwanja wa Muthaiga jijini Nairobi. Wakati huo wachezaji wa kulipwa wa Uingereza walikuwa na tatizo moja la kidunia: baridi. Huko kwao majira ya baridi uwanja umeganda, kazi hakuna, na mfuko umekauka. Huku kwetu jua linawaka. Basi wakajipangia ziara ya Afrika ambayo ilijulikana kama Safari Circuit. Wakipiga Nigeria, wakapiga Zambia, wakapiga Kenya, kisha wakarudi kwao wakati theluji inayeyuka, mifuko imejaa kidogo.

Kombe la kwanza lilichukuliwa na Mwingereza Guy Wolstenholme. Mwaka 1968 na 1969 akaja Mwingereza mwingine, Maurice Bembridge, akalichukua mara zote mbili. Miaka kumi baadaye, 1979, akarudi na kulichukua mara ya tatu. Huyu Bembridge si wa mchezo. Mwaka 1974 huko Augusta, Marekani, kwenye mashindano ya Masters, alimaliza siku ya mwisho kwa mikwaju 64, akaifikia rekodi ya uwanja ule.

Na Nairobi ina siri zake. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kipira kinaruka mbali kuliko kinavyoruka Ulaya. Mgeni akija na hesabu zake za nyumbani, kipira kinapitiliza hadi vichakani. Hapo ndipo alipomhitaji kedi wa Kiafrika. "Bosi, punguza fimbo moja," anaambiwa. Bosi akisikiliza, anapona. Kwa hiyo ukitazama orodha ya washindi wa kombe hili, nyuma ya majina mengi ya Kizungu kuna jina la Kiafrika lisiloandikwa popote.

MHISPANIA MWAKA MPAKA UMEFUNGWA

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka na Kenya. Mjomba akakwama Nairobi. Nyumbani Moshi si mbali, lakini hakuweza kuja hata kumzika babu. Mpaka ulikuja kufunguliwa mwaka 1983. Miaka sita hiyo mama yangu alikuwa akimtaja ndugu yake kama mtu aliyeko Amerika.

Ilikuwa katikati ya ukiwa huo, mwaka 1978, kijana mmoja wa Kihispania alipotua Nairobi. Jina lake Severiano Ballesteros, mwenyewe akiitwa Seve tu, miaka yake ishirini na kidogo. Akacheza Kenya Open Muthaiga, akashinda, akaondoka. Mwaka uliofuata, 1979, akashinda Open ya Uingereza yenyewe. Kabla hajamaliza alikuwa na makombe makubwa matano ya dunia, matatu ya Open ya Uingereza na mawili ya Masters. Alifariki mwaka 2011 na Ulaya nzima ya gofu ikamlilia.

Lakini si hayo yaliyowasisimua makedi wa Nairobi. Kilichowasisimua ni habari iliyopita mdomo kwa mdomo nyuma ya jiko la klabu: huyu kijana naye alikuwa kedi! Na ni kweli. Seve alizaliwa Pedreña, kijiji cha wakulima na wavuvi kaskazini mwa Hispania. Alibeba mifuko akiwa mtoto kwenye klabu ya hapo kijijini, na alijifunzia mchezo ufukweni, kwenye mchanga, akiwa na fimbo moja tu ya chuma. Fimbo moja, msomaji, kama makedi wa Nairobi siku yao ya Jumatatu.

"Mjomba," aliniambia siku moja, "sisi tulipojua yule naye ni kedi, usiku ule hatukulala. Tulikesha tunabishana. Wengine wanasema Mzungu ni Mzungu tu. Mimi nikawaambia hapana. Kama wa kule ameweza kwa fimbo moja, na wetu ataweza. Ni suala la muda."

Tangu siku hiyo akaanza kungoja.

WAZITO WALIOPITA MUTHAIGA

Waliopita ni wengi, na baadhi yao ni wazito wa dunia. Mwaka 1986 alishinda Ian Woosnam, mtoto wa mkulima, Mwelshi mfupi mwenye mikono ya kubebea magunia. Huyu alipoanza hakuwa na hela ya hoteli. Alizunguka Ulaya kwenye gari la kulala, akila maharage ya kopo. Miaka mitano baada ya Nairobi, 1991, akavaa koti la kijani la Masters.

Mwaka huo huo wa 1991 Kenya Open iliingizwa kwenye Challenge Tour, ambayo tuseme ni daraja la pili la gofu la Ulaya. Hapo ikawa ngazi. Vijana wa Ulaya na Afrika Kusini wanakuja, wanashinda, wanapanda daraja la kwanza, wanasahau njia. Mwaka 2000 alishinda Trevor Immelman wa Afrika Kusini. Mwaka 2008 naye akavaa koti la kijani. Mwaka 2007 ilikuwa zamu ya Mtaliano Edoardo Molinari. Mwaka 2010 akaitwa kwenye timu ya Ulaya ya Ryder Cup, ile inayopambana na Marekani.

Kombe likawa kama stendi ya mabasi. Wote wanapita kwenda makwao. Wenyeji wanauza chai.

SIKU ILE YA MWAKA 1998

Sasa tufike kwenye ile nusura niliyokutajia.

Mwaka 1998 mimi nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nimefikia kwa mjomba Huruma, ng'ambo ya barabara ya Thika kutoka ilipo Muthaiga. Wiki ile mjomba alipata kibarua cha kumbebea mfuko mchezaji mmoja kutoka Ulaya. Mashindano haya huchezwa siku nne. Baada ya siku mbili unafanyika mchujo, na karibu nusu ya wachezaji hufungasha virago. Bosi wa mjomba alifungasha. Kwa kawaida siku kama hiyo mjomba angekuwa na hasira, maana bosi akiondoka na kipato kimeondoka. Lakini alirudi nyumbani anaimba.

"Okello yumo," akasema. "Okello yumo, na yuko juu."

Alikuwa anamzungumzia Jacob Okello, mchezaji wa kulipwa wa Kenya. Siku ya mwisho mjomba aliondoka alfajiri, hajanywa hata chai. Alikwenda kama mtazamaji, mikono mitupu. Mkaza mjomba akaniambia hajawahi kumwona akienda Muthaiga bila kuwa na kitu cha kubeba begani.

Alirudi giza limeingia. Hakusalimia. Akavua kofia, akaiweka mezani, akakaa. Mkaza mjomba akatenga ugali na sukuma wiki, ukapoa. Mimi niliogopa kuuliza. Baadaye sana akainua mkono, akabana kidole gumba na cha shahada, akaacha nafasi ya kupita kipira cha gofu.

"Kidogo tu, mjomba," akasema. "Kidogo tu."

Okello alikuwa amemaliza siku nne akiwa sawasawa na Ricardo González wa Argentina. Mashimo 72, hakuna aliyemzidi mwenzake hata mkwaju mmoja. Ikabidi waongezewe shimo la kuamua, na huko ndiko Mwargentina akapita. González akaenda zake Ulaya, akaja kushinda mara nne kwenye ligi kuu ya huko, likiwemo kombe la European Masters la mwaka 2001. Okello akabaki Nairobi, akaendelea kucheza kwa miaka mingi. Nafasi yake ya pili ya mwaka ule ndiyo ya juu kabisa aliyowahi kuifikia Mkenya kwenye kombe la nchi yake.

Ndugu msomaji, fikiria. Watu wawili, uwezo mmoja kwa siku nne nzima. Mmoja akapata ngazi, mwingine akapata pole. Hicho ndicho kinachomfanya mjomba apige simu kila mwaka.

TATIZO SI MKONO

Mara nyingi naulizwa na wenzangu wa gazetini: hivi Waafrika gofu hatuiwezi? Mimi nasema acheni hizo. Muulizeni Sewsunker Sewgolum, maarufu kwa jina la Papwa, kedi wa Durban mwenye asili ya India, ambaye hakupata shule na alishika fimbo mikono imegeuzwa, wa chini juu, wa juu chini. Alishinda Open ya Uholanzi mara tatu, 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 akashinda Natal Open nyumbani kwao. Siku ya kupewa zawadi mvua inanyesha, Wazungu wamo ndani ya klabu, naye akakabidhiwa zawadi yake nje kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Mkono ulikuwepo. Mlango ndio ulikuwa haupo.

Huku kwetu sheria kama hiyo haipo. Kuna bei. Seti ya fimbo nzuri ni mishahara kadhaa ya mwalimu. Vipira vinanunuliwa. Ada ya klabu ndiyo usiseme. Kijana aliyeanza kama kedi akifika kiwango cha kulipwa, maisha yake yanategemea kuwafundisha matajiri namna ya kushika fimbo. Asubuhi anafundisha, mchana anafundisha, jioni ndiyo anafanya mazoezi yake, jua linazama. Mwenzake wa Ulaya anacheza mashindano ya siku nne karibu kila wiki, nchi baada ya nchi. Wakikutana Muthaiga siku ya Alhamisi, mmoja anatoka kazini na mwingine anatoka vitani. Ijumaa jioni mchujo unapita, na wengi wa wetu wanarudi nyumbani.

Kuna kisa kingine nakipenda. Mwaka 2017 alishinda kijana wa Kiingereza aitwaye Aaron Rai. Wazazi wake wana asili ya India, na mama yake alikulia Kenya kabla ya kuhamia Uingereza. Kwao hawakuwa na hela. Baba alipomnunulia mtoto fimbo za bei, alikuwa kila jioni akizisafisha mfereji kwa mfereji kwa pini na mafuta ya watoto, kisha akazivika vifuniko zisichubuke. Rai alipokuwa tajiri hakuviacha vile vifuniko, anavivalisha fimbo zake ili asisahau. Mwaka 2024 alishinda mashindano ya Wyndham huko Marekani.

Nilimsimulia mjomba kisa hiki kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Kwa hiyo huyo ni wetu kidogo, kwa mama." Nikamwambia ndiyo, kwa mama. "Basi mpe nusu," akasema, akakata simu.

DONGE LANENEPA

Mwaka 2019 Kenya Open ikapandishwa daraja, ikaingia ligi kuu ya Ulaya yenyewe, ile ambayo sasa inaitwa DP World Tour. Jina likawa Magical Kenya Open. Huko nyuma iliwahi kubeba majina ya bia na ya benki. Donge likanenepa. Mwaka 2019 zawadi zote kwa pamoja zilikuwa euro milioni 1.1, mwaka 2025 zilikuwa dola milioni 2.5. Uwanja wa mwaka ule wa 2019 ulikuwa Karen, klabu iliyoanzishwa mwaka 1937 kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la mwandishi wa Kidenishi, Karen Blixen. Akashinda Mtaliano Guido Migliozzi.

Mwaka 2020 korona ikafuta kila kitu. Mwaka 2021 kombe likarudi Karen bila watazamaji, akalichukua Justin Harding wa Afrika Kusini. Mwaka 2022 Ashun Wu wa China, 2023 Jorge Campillo wa Hispania, 2024 Darius van Driel wa Uholanzi, 2025 Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini. Soma orodha hiyo kwa sauti. Italia, China, Hispania, Uholanzi, Afrika Kusini. Ni kama Umoja wa Mataifa, ila mwenyeji wa kikao hajapewa kiti.

Hata hivyo tuwe wa haki. Waandaaji walianzisha Safari Tour, mfululizo wa mashindano ya kuwapa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki mechi za kutosha na njia ya kuingia Kenya Open. Umeliona jina? Zamani Safari ilikuwa ya Waingereza kuja huku. Safari hii ni ya wetu kwenda kule. Mimi naona ni jambo jema. Lakini ngazi ina vidato vingi, na mwenzio ameanza kupanda akiwa na umri wa miaka saba.

Sasa rudi kwa wale wanane wa Prestwick niliokuambia uwashike. Makedi na mafundi waliruhusiwa kushindana, na huo ndio ukawa mwanzo wa mashindano yote haya makubwa. Kama Open maana yake ni wazi, basi uwazi hauanzi Alhamisi ya mashindano, kamera zikiwa zimewashwa. Unaanza Jumatatu, uwanja hauna mtu, kijana wa Huruma amesimama langoni na fimbo moja iliyofungwa waya. Klabu ikimfungulia, miaka ishirini baadaye kombe linaweza kubaki nyumbani. Ikimfungia kwa sababu kampita nahodha, basi tuendelee kuuza chai stendi.

Mwaka 2025 mjomba alipiga simu kama kawaida. Shikamoo, marahaba, migomba haijambo. Kisha: "Haya mjomba. Wetu kawa wa ngapi?"

Nikamwambia kombe limekwenda Afrika Kusini. Kruyswijk, baada ya miaka mingi ya kuhangaika, amepata ushindi wake wa kwanza wa ligi kuu.

"Sikukuuliza huyo," akasema.

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nikasikia jogoo wake anawika huko Moshi.

"Haidhuru," akasema. "Hapa jirani kuna kitoto kimechonga fimbo ya mti, kinapiga maparachichi yangu machanga. Mama yake anakifukuza. Mimi nimemwambia amwache."

Tukutane wiki ijayo.